Blanketi halina moto: kwa nini kichanga hupoa hata akiwa amefunikwa

Ilikuwa saa nane usiku, mwezi Julai, mjini Njombe. Anayeijua Njombe ya Julai hahitaji kuelezwa zaidi. Nilikuwa nimechukua likizo kwenda kumsaidia dada yangu aliyejifungua mtoto wake wa kwanza, na nilikuwa nimelala chumba cha pili niliposikia ananiita.

"Mdogo wangu, njoo umwone mtoto. Hanyonyi."

Mtoto alikuwa na siku tatu. Alizaliwa wiki chache kabla ya wakati wake, akiwa na kilo 2.3. Siku tuliporuhusiwa kutoka kwenye kituo alikojifungulia dada, tulielezwa kuhusu kunyonyesha, kitovu na tarehe ya kurudi kliniki. Kuhusu baridi tuliambiwa maneno mawili tu: "Mfunikeni vizuri."

Tukamfunika. Blanketi la kwanza alinunua baba yake, la pili lilitoka kwa bibi yake, la tatu nililipeleka mimi mama yake mdogo. Tukamlaza upande wa ukutani ili asianguke, tukaridhika kwamba kazi tumeifanya.

Nilipoingiza mkono chini ya mablanketi yale, nyayo zake zilikuwa baridi kama kokoto za mtoni. Nikagusa tumbo. Nalo lilikuwa baridi. Nepi yake ya kitambaa ilikuwa imelowa, na unyevu ulikuwa umepenya hadi kwenye shuka.

Wasomaji wa safu hii mnajua kwamba habari za afya ndizo kazi yangu ya kila siku. Basi niwaambie ukweli: wazo la kwanza lililonijia usiku ule lilikuwa kutafuta blanketi la nne. La pili lilikuwa kuingiza jiko la mkaa chumbani.

Mama yangu hakusubiri mawazo yangu. Alijitanda khanga, akatoka kumgongea jirani, muuguzi mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Mama Nesi. Alikuja na kipimajoto chake, akakiweka kwapani mwa mtoto. Kilisoma nyuzi joto 35.1.

Mama Nesi hakuongeza blanketi. Aliyafunua yote matatu. Alimvua mtoto nguo zote, akamkausha, akamvalisha nepi kavu, kofia na soksi, kisha akamwambia dada afungue vifungo vya gauni.

"Mlaze hapa kifuani, mama, ngozi kwa ngozi. Mablanketi tutayarudisha, lakini juu yenu wote wawili."

Wakati mama anahangaika kumpigia simu jirani mwenye gari, Mama Nesi akanigeukia. "Na wewe mwanangu unayetuandikia gazetini, hebu niambie. Blanketi lina moto wapi?"

Makala ya leo ni jibu la swali lile.

CHUPA YA CHAI INAJUA SIRI HII

Chukua chupa ya chai uliyonayo jikoni. Ukimimina chai ya moto asubuhi, saa sita bado ina moto. Sasa mimina humo uji uliopoa, ufunge vizuri, urudi baada ya saa sita. Je, utaukuta una moto? Hapana. Utaukuta umepoa vilevile. Hata barafu ukiiweka humo itachelewa kuyeyuka.

Chupa haitengenezi joto. Inachelewesha tu joto kutoka au kuingia. Blanketi, sweta na kofia hufanya kazi hiyohiyo. Hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi zake hupitisha joto polepole, hivyo joto la aliyefunikwa linakawia kutoka. Wewe mtu mzima ukijifunika unapata joto kwa sababu mwili wako ni jiko linalowaka muda wote, na blanketi limezuia tu joto lako lisipotee.

Kichanga naye ana jiko lake, lakini ni dogo na kuni zake ni chache. Akishapoa, ukamfunga peke yake ndani ya mablanketi matatu, unakuwa umefunga uji uliopoa ndani ya chupa. Ndilo kosa tulilofanya sisi, tena kwa upendo mwingi.

JOTO LINA MILANGO MINNE

Joto daima hutoka kwenye kitu chenye joto zaidi kwenda kwenye kitu chenye joto dogo, mpaka vyote viwe sawa. Mwili wa mtoto mchanga una nyuzi joto 36.5 hadi 37.5. Chumba cha Njombe usiku wa Julai kiko chini sana ya hapo. Kwa hiyo mchana na usiku joto lake linatafuta njia ya kutoka, na njia zipo nne.

Mlango wa kwanza ni maji yanayokauka. Bibi zetu walipoozea maji kwenye mtungi wa udongo. Maji hupenya polepole, yakikauka kwa nje yanaondoka na joto, na yaliyobaki ndani yanapoa. Ngozi yenye maji nayo hupoa hivyohivyo. Mtoto anayezaliwa ametoka kwenye maji, na asipokaushwa haraka ule unyevu unakaukia mwilini mwake. Fikiria kijiko kidogo cha chai, mililita 5 tu za maji. Yakikauka juu ya kichanga wa kilo 3 na kuchukua joto lote kutoka kwake, yanatosha kuushusha mwili wake kwa takriban nyuzi moja. Kijiko kimoja! Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, WHO, lilishaonya kwamba mtoto aliyezaliwa na kuachwa bila kukaushwa wala kufunikwa anaweza kushuka nyuzi 2 hadi 4 ndani ya dakika 10 hadi 20 za kwanza.

Mlango wa pili ni kugusana. Asubuhi ya baridi shika sufuria, halafu shika mwiko. Vyote vimelala jikoni usiku kucha, na joto lake ni sawa. Lakini sufuria unaiona ya baridi zaidi kwa sababu chuma hunyonya joto la mkono wako haraka kuliko mti. Sinia la mzani, meza ya bati na sakafu ya saruji humfanyia mtoto kama sufuria inavyoufanyia mkono. Ukimpima uzito bila kutandika kitambaa, ngozi yake inalipa. Shuka lililolowa ni baya zaidi, kwa sababu maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Nepi iliyolowa inageuza lile blanketi zuri kuwa kitambaa cha majimaji.

Mlango wa tatu ni upepo. Kila mwili umezungukwa na tabaka jembamba la hewa uliyoipasha moto wenyewe. Upepo wa dirishani, mlango unaofunguliwa kila mara na wageni, au feni iliyoelekezwa kitandani huliondoa tabaka hilo na kuleta hewa nyingine ya kupashwa upya. Unapopuliza chai kwenye kikombe ili ipoe unafanya jambo hilohilo.

Mlango wa nne hauonekani, na ndio uliotushinda sisi. Ukikaa mbali kidogo na jiko la kuni, uso unahisi joto ingawa hujaligusa na upepo hauvumi kuja kwako. Joto linasafiri kama mwanga unavyosafiri. Kumbe linasafiri pia kutoka kwako kwenda kwenye vitu baridi vilivyo karibu. Ukuta wa matofali usiku wa baridi, au kioo cha dirisha, huchukua joto la mtoto aliye karibu nao hata kama haugusi. Sisi tulimlaza mtoto upande wa ukutani kwa kuogopa asianguke, ukuta ukawa unamnyonya joto usiku kucha.

KWA NINI KICHANGA NA SI WEWE

Kuna mzazi atasema, "Mbona chumba hichohicho mimi nimelala vizuri?" Jibu liko kwenye umbo. Viazi vidogo hupoa haraka kuliko kiazi kikubwa kwa sababu kwa kila kilo vina ganda kubwa zaidi la kupitishia joto. Mtoto mchanga, ukilinganisha ngozi yake na uzito wake, ana ngozi karibu mara tatu ya mtu mzima. Kichwa chake peke yake kimebeba takriban sehemu moja ya tano ya ngozi hiyo, ndiyo maana kofia si pambo.

Halafu hana uwezo wa kutetemeka kama sisi ili ajipashe moto. Badala yake anachoma mafuta maalumu yaliyo mabegani, shingoni na karibu na figo, ambayo huwekwa mwilini hasa wiki za mwisho za ujauzito. Mtoto njiti amezaliwa kabla hajamaliza kuweka akiba hiyo. Na hata aliyetimiza miezi, kuchoma mafuta hayo kunakula oksijeni na sukari. Akizidiwa anachoka, akichoka hanyonyi, asiponyonya sukari inashuka na hana cha kuchoma tena. Baridi inamfanya asinyonye, na kutonyonya kunamwongezea baridi. Mtoto wetu alikuwa ameshaingia kwenye mzunguko huo wakati sisi watu wazima tumelala.

Ubaya ni kwamba kichanga aliyepoa mara nyingi halii. Ananyamaza, na mzazi mchovu anasema asante Mungu, leo kalala.

JIKO BORA LIKO KIFUANI

Mwaka 1978, daktari Edgar Rey Sanabria wa Bogotá nchini Kolombia alikuwa na wodi iliyojaa watoto njiti na mashine chache za kuwapasha joto. Watoto walikuwa wanawekwa zaidi ya mmoja kwenye mashine moja na kuambukizana magonjwa. Aliamua kuwaweka vifuani mwa mama zao, kama kangaruu anavyobeba mtoto wake. Jina likabaki hilo, huduma ya kangaruu.

Kifua kinafanya nini? Kinafunga milango yote minne kwa pamoja, na juu ya hapo kinaleta joto. Ngozi ya mama ni kavu, haina ubaridi wa sinia wala ukuta, hewa kati yao imetulia, na ni jiko lisilozidi nyuzi 37 kama mama hana homa. Halimuunguzi mtoto wala halizimiki saa tisa usiku umeme ukikatika. Na ziwa liko palepale.

Kwa miaka mingi mtoto njiti alitakiwa kwanza atulie kwenye mashine, ndipo awekwe kifuani. Utafiti uliofanyika katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania ulijaribu kuanza mara tu baada ya kuzaliwa, kwa watoto wenye uzito kati ya kilo 1 na chini kidogo ya kilo 1.8. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Katika kila watoto 100 waliohudumiwa kwa utaratibu wa zamani, karibu 16 walifariki ndani ya siku 28. Walioanza kangaruu mapema, walifariki 12. Mwaka uliofuata WHO ilibadili mwongozo wake: kwa mtoto njiti au mwenye uzito pungufu, kangaruu ianze mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, iwe hospitali au nyumbani, saa 8 hadi 24 kwa siku. Wanaosubiri ni wale walio mahututi, kwa mfano wasioweza kupumua wenyewe.

Namna ya kufanya ni hii. Mtoto avae nepi kavu, kofia na soksi tu. Akae wima katikati ya matiti, kifua chake kwenye kifua chako, uso umegeukia upande, pua na mdomo vikiwa wazi. Mfunge kwa khanga au kitenge asiteleze, kisha vaa gauni au sweta juu yenu wote, na blanketi lije mwisho. Mama akitaka kuoga au kupumzika, baba ampokee. Bibi, shangazi na mama mdogo pia wanaweza, ili mradi wawe wazima na wasafi. Kifua cha mwanamume kina joto vilevile.

USIKU WA LEO, FANYA HAYA

Gusa nyayo za mtoto, kisha gusa tumbo, kwa nyuma ya kiganja chako. Vyote vikiwa na joto, yuko salama. Nyayo zikiwa baridi na tumbo lina joto, ameanza kupambana, mweke kifuani sasa. Vyote vikiwa baridi, amepoa. Mweke kifuani na uanze safari ya kituo cha afya, akiwa hukohuko kifuani njia nzima. Kama una kipimajoto, chini ya 36.5 ni muda wa kifua, na chini ya 35.5 ni hatari isiyosubiri asubuhi. Mtoto mchanga aliyeacha kunyonya au aliyelegea apelekwe hata kama kipimajoto hakijasema kitu.

Badilisha nepi iliyolowa kabla hujaongeza nguo. Sogeza kitanda mbali na dirisha na ukuta wa nje. Usikimbilie kumwogesha mtoto aliyezaliwa; WHO inashauri kusubiri angalau saa 24. Najua bibi wengi hawapendi kusikia hili. Waambie kwa heshima kwamba mtoto hajakataa kuoga, ameomba kesho. Ukimwogesha, andaa taulo kavu kabla ya maji, na umkaushe kuanzia kichwani.

Mambo mawili usiyafanye. Usimlaze na chupa ya maji ya moto, kwa sababu ngozi yake ni laini na inaungua haraka. Na usilale na jiko la mkaa chumbani. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala rangi, na kila msimu wa baridi tunaandika habari za familia zilizolala nayo zisiamke. Hilo ndilo nililotaka kuliingiza chumbani kwa dada yangu.

KWA WALIOKO DAR ES SALAAM NA TANGA

Milango hiyohiyo, kwenu inafanya kazi kinyume. Chumba kikiwa na joto, mtoto aliyevalishwa sweta, soksi, kofia na mablanketi mawili hana pa kutolea joto lake. Rafiki yangu wa Temeke alimkimbiza mtoto hospitali kwa homa, kumbe alikuwa amevikwa nguo za Makete. Kwenye ubaridi mvalishe nguo moja au mbili zaidi ya ulizovaa wewe. Kwenye joto mvalishe kama ulivyovaa wewe. Akiwa na joto kali, mpunguzie nguo, mnyonyeshe, mpime tena baada ya nusu saa. Ikiwa bado yuko juu ya 37.5, hiyo si nguo, mpeleke.

Na gari lililoegeshwa juani ni jiko lililofungwa. Jua linapita kwenye vioo na kupasha viti, joto lake halipati njia ya kutoka, na ndani ya dakika chache hewa inakuwa hatari. Kushusha kioo kidogo hakusaidii. Usimwache mtoto humo hata kama unakwenda kununua vocha tu.

MTOTO WETU

Tulifika hospitali ya mji kama saa tisa na nusu. Dada alikuwa mbele kwenye gari la jirani, mtoto kifuani, koti la shemeji juu yao. Walipompima alikuwa amefika 36.2. Sukari ilikuwa chini, wakamshughulikia, wakatulaza siku mbili. Muuguzi wa zamu aliuliza nani alituambia tumbebe vile. Mama akajibu kwamba tuna nesi wetu mtaani.

Tuliporudi nyumbani, shemeji yangu alipewa zamu yake. Siku ya kwanza alifunga mlango kwa aibu, akakaa kitini bila kujisogeza kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Siku ya nne nilimkuta sebuleni anaangalia mpira, kichwa kidogo chenye kofia ya bluu kimechomoza kwenye kola ya koti lake, na akanikemea nifunge mlango, upepo unaingia.

Mtoto huyo sasa anatembea na anakataa kuvaa kofia.

Wiki ijayo nitazungumzia homa kwa watoto chini ya miaka mitano: lini umpe dawa nyumbani, na lini usisubiri.